Mtoto Aliyejificha Mvunguni

Jioni moja, mwishoni mwa mwaka wa 2023, nilikwenda Magongo kumzuru binti yangu. Wanaoijua Magongo wanajua kwamba ndege ziendazo kutua Uwanja wa Moi hupita pale zikiwa chini, hata watu walio katika mazungumzo hulazimika kunyamaza kidogo mpaka mngurumo upite. Tulikuwa tumekaa tukinywa chai, ndege ikapita. Nilipogeuka kumtazama mjukuu wangu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka sita, sikumwona. Tulimtafuta, tukamkuta mvunguni mwa kitanda cha mamake, amekumbatia viatu vyake vya chuoni na chupa ya maziwa ya nduguye mdogo.

Nikamwuliza, "Mbona uko huku, babu?"

Hakunijibu. Aliniuliza yeye: "Babu, leo watapiga nyumba gani?"

Mamake akaniambia kwamba ile ilikuwa wiki ya pili. Kila asikiapo ndege hukimbilia mvunguni, na usiku halali ila taa iachwe ikiwaka. Walikuwa wamekwisha kumsomea, wakamfukizia na ubani, wakidhani ameingiwa na kitu.

Wasomaji wapenzi, kitu kilichomwingia yule mtoto kilitoka nyumbani kwangu. Mjukuu wangu huyo hushinda kwangu kila mwisho wa wiki. Vita vya Gaza vilipozuka tarehe 7 Oktoba mwaka ule, televisheni yangu haikuzimwa tena tangu alfajiri hata usiku. Mimi ni mtu wa magazeti, habari ndiyo kazi yangu na ndiyo maradhi yangu. Majirani walikuja, tukakaa, tukatazama, tukasikitika, tukalaani. Simu zilipitishwa mkono kwa mkono zikiwa na picha ambazo mhariri yeyote mwenye akili zake asingethubutu kuzichapa. Na mtoto alikuwa papo hapo mkekani na kigari chake. Sisi tulidhani anacheza.

Hapana hata mmoja wetu aliyemwambia Gaza iko wapi. Ndege aliiona katika televisheni ikiangusha bomu, na ndege aliisikia juu ya paa la mamake. Akajumlisha mwenyewe. Nami nasema hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa mtu wa miaka sita.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri jambo hili, na leo nataka kulileta mbele yenu, maana naamini si nyumba yangu peke yake. Twajishughulisha sana na chakula cha watoto, na mavazi yao, na ada za skuli. Lakini habari za dunia, ambazo siku hizi zaingia nyumbani bila ya kubisha hodi, twaziacha ziwafikie watoto jinsi zitakavyo.

Labda msomaji atasema: Basi dawa ni rahisi, wafiche. Mimi nimepata kufichwa, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, nilikuwa kijana wa miaka kumi na mmoja. Wengi mwaikumbuka siku ile. Baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, wakaishika Sauti ya Kenya na kutangaza kwamba wao ndio watawala. Babangu wakati huo alikuwa Nairobi kikazi. Nyumbani kwetu Mombasa wakubwa walijifungia chumbani na redio, sauti imeteremshwa hata haisikiki ila kwa mwenye kuitega sikio. Kila tulipokaribia walinyamaza. "Nendeni mkacheze," ndilo neno tulilopewa. Nilimwuliza nyanya kuna nini. Akanijibu, "Hapana kitu," na huku alikuwa akijipangusa macho kwa upindo wa leso.

Jaribio lile lilivunjwa siku ile ile. Wakubwa walijua, lakini sisi hatukuambiwa. Babangu alirudi siku ya tisa, akiwa na shati lile lile aliloondokea. Katika siku hizo zote mimi nilikuwa nimekwisha kumzika. Nilikwisha kuwagawia ndugu zangu vitu vyake kimoja kimoja moyoni mwangu, na kofia yake ya vito nilikuwa nimejiwekea mwenyewe. Alipoingia mlangoni sikumkimbilia, nilimwonea haya. Amekufa, Mungu amrehemu, bila ya kujua kwamba mwanawe alikwisha kumrithi.

Basi makosa haya ni mawili. Wazee wetu walifunga mlango na kumwacha mtoto nje akijitungia habari zake mwenyewe, nazo aghalabu huwa mbaya kuliko zilizo za kweli. Sisi tumeuacha mlango wazi, kisha tukamsahau ndani. Makosa yenyewe yaonekana mbalimbali, lakini asili yake ni moja. Katika yote mawili mtoto ameachwa peke yake.

Na ajabu ni kwamba njia iliyo bora tulikwisha kuonyeshwa tangu utotoni, hasa sisi tuliokwenda vyuoni. Hebu tukumbuke mwalimu wetu alivyotusomesha. Hakutuketisha siku ya kwanza akatufungulia Sura ya Baqara, yenye aya 286. Alituandikia alifu na be juu ya ubao. Tukaenda mpaka irabu, tukaendeleza, kisha tukaingia Juzuu Amma na sura zake fupi fupi, tukaanzia mwisho kurudi juu. Msahafu ulikuwa ule ule mmoja. Haukupunguzwa wala haukugeuzwa hata herufi kwa sababu msomaji ni mtoto. Kilichopimwa ni kipande cha siku ile. Na mwalimu hakutupa kipande akaondoka. Alikaa pale pale, na kesho yake tukamsomea sisi, yeye akisikiliza wapi tumekosea.

Nasema habari za dunia nazo tuziendee hivyo. Ukweli usigeuzwe, kipande kipimwe, na mkubwa akae karibu asomewe.

Katika kumfundisha mtoto sala, dini yetu imeutaja umri wa miaka saba na umri wa miaka kumi. Kisha huja baleghe. Hivyo ni vituo vitatu ambavyo kila nyumba ya Kiislamu yavijua. Hiyo si hukumu ya sharia katika mambo ya habari, wala mimi si sheikh wa kutoa fatwa. Natumia vituo hivyo kwa sababu vimekwisha kuzoeleka, na kwa uzoefu wangu vyafaa.

Mtoto aliye chini ya miaka saba hana haja ya kuona picha hata moja ya vita au maafa. Televisheni na izimwe, na simu zisipitishwe juu ya kichwa chake. Yeye hajui tofauti ya jana na leo wala ya hapa na kule. Akiliona jengo moja likianguka mara kumi katika taarifa ya habari, kwake hayo ni majengo kumi. Lakini akiuliza, ajibiwe. Kwanza aulizwe yeye amesikia nini, maana huenda alichokisikia si hicho ukidhaniacho wewe. Kisha apewe maneno mawili matatu ya kweli: kuna nchi ina vita, ni mbali na hapa, na sisi tuko pamoja nawe. Hayo yatosha.

Wako watakaoona kwamba haya ni madeko. Nawaomba waangalie jambo lililotokea Marekani. Tarehe 19 Aprili 1995 jengo la serikali katika mji wa Oklahoma City lilipigwa kwa bomu, wakafa watu 168, na 19 kati yao walikuwa watoto. Baada ya miaka miwili wataalamu waliwachunguza wanafunzi wa darasa la sita waliokuwa wakikaa karibu kilomita 160 kutoka mahali pale. Walikuta baadhi yao wangali na fadhaa, na katika mambo yaliyoambatana na fadhaa hiyo ni kule kuzifuata habari za mlipuko katika vyombo vya habari. Hao walikuwa watoto wakubwa, tena mwendo wa mbali. Seuze mtoto wa miaka sita mwenye ndege juu ya paa lake.

Afikapo miaka saba, mtoto huweza kuanza kuelezwa mahali. Hapa chombo bora ni ramani, na ramani bora ni ile ya karatasi iliyotandikwa sakafuni. Mwonyeshe Mombasa. Mwache apandishe kidole chake mwenyewe, apite Ethiopia, apite Sudan, aingie Misri, mpaka akafike Gaza. Mwambie kwamba hapo pana mwendo wa karibu kilomita 4,000. Mwambie kwamba Gaza ni nchi ndogo ya kilomita za mraba 365 hivi, na ndani yake wanakaa watu zaidi ya milioni mbili. Mtoto wa miaka minane ataelewa mara moja msongamano huo ni wa namna gani, kwa kuwa amekwisha kupanda feri ya Likoni saa za jioni. Mwambie pia habari za madaktari, na wachukuaji wa majeruhi, na wanaopika chakula cha kugawa. Hao ni sehemu ya habari, nao husahauliwa. Picha za maiti bado si zake.

Kutoka miaka kumi kuendelea, huja maswali ya kwa nini, na hayo ndiyo magumu. Hapa mzazi hana budi kujisomesha kwanza. Kijana ataka kujua mambo yalianza lini, na lazima arudishwe nyuma mpaka mwaka wa 1948 na kabla yake. Tena ni hapa ndipo dunia yake ipanuliwe. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 jeshi la Sudan na kikosi kiitwacho RSF walianza kupigana, na mamilioni ya watu wakayakimbia makwao. Wanaouana pale ni Waislamu kwa Waislamu. Ni vijana wangapi wetu walioelezwa habari hizo? Mtoto aliyefundishwa kulia msiba mmoja tu hakufundishwa huruma, amefundishwa upande.

Wala tusidhani kwamba habari nzito zatoka ng'ambo tu. Mwaka huo huo wa 2023, katika msitu wa Shakahola, hapa hapa Kilifi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu waliofuata mafundisho ya mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka wafe, na wengi wao walikuwa watoto. Habari hizo watoto wetu walizisikia sokoni, na katika matatu, na skuli. Kwao jambo hilo ni zito kuliko la Gaza, maana hapana ramani ya kuwapa kusema ni mbali. Hapo lililobaki ni kumwambia mtoto kinaganaga: mtu yeyote, hata awe ana kitabu cha dini mkononi, akikwambia ujidhuru, kimbia uje utwambie. Hilo kijana wa miaka kumi aweza kulifahamu, na laweza kumwokoa.

Abaleghapo, kijana amekwisha kuwa mukallaf, na mara nyingi amekwisha kuwa na simu yake. Hapo kumkataza hakufai kitu. Ataona atakayo, tena kabla yako. Lililo bora ni kukaa naye kama mtu mzima, mkasoma pamoja na mkabishana. Na amri ya kumkumbusha tunayo. Aya ya sita ya Sura ya Hujurat yatuamuru kuchunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya hiyo vijana wetu wengi wameihifadhi kwa moyo. Ni wangapi waikumbukao kabla ya kusambaza video katika WhatsApp? Katika siku za mwanzo za vita vile, picha za zamani kutoka Syria zilisambazwa zikisemwa kuwa ni za Gaza. Kijana na azoee kuuliza maswali matatu: nani asemaye, ni lini, na ni wapi. Asipopata jawabu, asimpelekee mwenziwe.

Sasa nitalijibu neno ambalo najua wasomaji wengine wanalo kinywani, kwani hata barazani kwetu nimeambiwa. Mzee mmoja niliyemheshimu tangu utotoni alinikabili kwa ukali. "Wewe wamwonea huruma mjukuu wako asione picha. Na watoto wa Gaza nani atawafumba macho? Waache wetu nao waone, wajue ndugu zao wanavyoteswa."

Neno lile lilinichoma, maana lina haki ndani yake. Watoto wa kule hawakupewa hiari. Lakini nimelipima, nikaona kwamba kumtisha mtoto wa Magongo hakumpunguzii mtoto wa Gaza hata chembe ya machungu. Mjukuu wangu mvunguni hakuwa akimhurumia mtu. Hakumwombea mtu. Alikuwa akijihofia nafsi yake na chupa ya nduguye. Mwenye hofu hana nafasi ya huruma. Tukitaka watoto wetu wawahurumie ndugu zao, na tuwatulize kwanza, kisha tuwaeleze, kisha tuwape la kufanya: dua baada ya sala, au shilingi tano ndani ya mkebe wa sadaka. Mtoto mwenye la kufanya hupungukiwa na hofu.

Na adabu hii si ngeni kwetu. Tuangalie utenzi wa Mwana Kupona, aliomtungia binti yake mwaka wa 1858. Watu huutaja kwa sababu ya mafundisho ya ndoa, wakaishia hapo. Mimi nawaomba wautazame mwanzo wake. Mama yule alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na hapana habari iliyo nzito kwa mtoto kuliko ugonjwa wa mamake. Hakumficha. Wala hakumwacha asikie kwa majirani. Alimwita akaribie na akae, akamwambia ukweli wa maradhi yake, na akamtaka aje na wino na karatasi apate kuandika. Basi tazameni alivyopanga: alimkalisha karibu, akamwambia kweli, akampa kazi ya mikono. Wataalamu wa leo wa mambo ya watoto hawana mengi ya kumwongezea mama huyo wa Siyu na Pate.

Lililobaki ni la sisi wenye kalamu na vipaza sauti. Nchi yetu iliukubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kifungu chake cha 17 chaeleza mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtoto apate habari zenye manufaa naye, na kwamba alindwe na zile zitakazomdhuru. Uingereza shirika la BBC lilianzisha kipindi cha habari za watoto, Newsround, mwaka wa 1972. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger cha Marekani kilipolipuka angani na wanaanga saba wakafa, kipindi hicho cha watoto ndicho kilichokuwa cha kwanza katika televisheni ya Uingereza kulitangaza jambo hilo. Yaani habari nzito yaweza kuambiwa mtoto, ikiwa anayeisema ameketi kuifikiria.

Natamani idhaa zetu za Pwani, kama Pwani FM, Radio Rahma na Radio Salaam, zitenge dakika kumi kila jioni, kabla ya magharibi, kwa taarifa ya habari ya watoto katika Kiswahili safi. Gazeti nalo na litoe robo ya ukurasa. Gharama yake ni ndogo. Mimi najitolea kuandika ya kwanza bila ya malipo, na mhariri wangu akisoma hapa ajue kwamba sifanyi mzaha.

Mtauliza mjukuu wangu alipatikana vipi na hofu yake. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka kiwanja cha ndege, tukasimama nje mahali watu wanapolakiwa. Ndege ilikuwa imetua punde tu. Abiria wakatoka na mizigo yao, na miongoni mwao mzee mmoja wa kanzu aliyechukua boksi la halua. Mtoto alimtazama mpaka akapita. Akaniuliza, "Huyu ndiye aliyekuwa juu yetu sasa hivi?" Nikamwambia ndiye. Ndipo nikamweleza kwamba ziko ndege nyingine, za vita, mbali sana na hapa, na kwamba wako watoto wanaozisikia, na sisi twawaombea.

Sitawadanganya kwamba alipona siku ile. Taa iliendelea kuwaka usiku mpaka karibu na Ramadhani. Lakini mvunguni hakurudi tena. Amekwisha kuipita miaka saba, nasi tumeanza ramani. Na televisheni yangu sasa huizima wageni wajapo na watoto wao, na aliyekasirika nami amekasirika. Nawaachia ubeti mmoja, wazee wenzangu:

Habari haba kwa haba, mwanao umgawie,
Usimwache na msiba, pekeye auwazie,
Wala kweli kuiziba, maneno umfichie,
Mshike mkono, baba, ndipo umsimulie.